Denge na Makomredi wa Unguja

Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita Tanzania wamekuwa wakikutana na kijana aitwaye Denge katika somo la fasihi. Huulizwa juu ya ndoa ya kulazimishwa, juu ya ubaguzi, juu ya mapenzi ya Denge na Yasmin, nao hujibu vizuri. Jambo ambalo haliulizwi mara nyingi ni nafasi ya kijana huyu katika historia. Vijana wa namna yake walikuwepo kweli Unguja. Walikuwa na magazeti yao, vyama vyao vya wafanyakazi, na mwishowe chama chao cha siasa. Kwa miezi michache ya mwaka 1964 waliwakosesha usingizi wakubwa wa Washington na London. Mitaani waliitwa makomredi, na wazee wa Mji Mkongwe na Ng'ambo bado wanawataja kwa jina hilo.

Denge ni mhusika wa Vuta n'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Hadithi imewekwa katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Denge amerudi kutoka masomoni Urusi, hana cheo wala mshahara wa serikali, na shughuli yake kubwa ni kupambana na mkoloni pamoja na marafiki zake wachache. Inspekta Wright na Koplo Matata wanamwinda usiku na mchana. Katikati ya msako huo anaingia Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri kupita kiasi. Yasmin anaikimbia ndoa hiyo na kupata hifadhi Ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma.

Aliyeandika haya hakuyasikia kwa mbali. Adam Shafi alizaliwa Zanzibar mwaka 1940, kwa hiyo alikuwa kijana barobaro siasa zilipopamba moto visiwani. Mwaka 1963 alikuwa masomoni Ujerumani Mashariki. Baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, alikuwa miongoni mwa wengi waliotiwa kizuizini. Mtu huyu ndiye aliyempa Denge pumzi, na riwaya zake zikipangwa kwa wakati wa matukio zinayoyasimulia, zinakuwa historia ya mrengo wa kushoto wa Zanzibar kuanzia bandarini hadi gerezani.

Bandarini ndiko kwa kuanzia, maana Denge hakuanguka kutoka mbinguni. Riwaya ya Kuli, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1979, inamfuata Rashidi, kijana anayerithi kazi ya upagazi ya baba yake na kujikuta katika mgomo. Mgomo wenyewe ulitokea. Mnamo Agosti 1948 makuli wa bandari ya Unguja waliweka kazi chini kwa sababu ya mishahara isiyolingana na bei ya vyakula, na kufikia Septemba mgomo ulikuwa umeenea mji mzima. Mmoja wa waliouongoza alikuwa Abbas Othman. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka pwani ya pili: Mombasa iligoma Januari 1947, Dar es Salaam ikafuata mwaka huohuo. Mabaharia na makuli walikuwa wakipita bandari hizi zote, na habari za Mombasa zilifika Malindi ya Unguja kwa midomo yao.

Rashidi na Denge wametenganishwa na takriban muongo mmoja, lakini ni watu wa aina mbili kabisa. Rashidi anajifunza siasa kwa mgongo wake, chini ya magunia, kutoka kwa mwenzake Faraji. Denge anaijua siasa kutoka vitabuni na ughaibuni. Hapo pana jambo la kweli kuhusu ujamaa wa Zanzibar. Mwaka 1948 ulikuwa mikononi mwa watu wa kazi ngumu. Kufika mwisho wa miaka ya 1950, wasemaji wake wakuu walikuwa vijana waliosoma, waliosafiri, na wengi wao walitoka katika familia zilizoweza kumtoa mtoto mmoja akaenda kutafuta elimu ng'ambo ya bahari.

Njia ya vijana hao ilikuwa ndefu. Abdulrahman Mohamed Babu, aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa karani wa mizani katika shirika la wakulima wa karafuu kabla ya kwenda London mwaka 1951. Huko alisoma, akakutana na wapinga ukoloni wa kila pembe ya dola ya Kiingereza, na aliporudi mwaka 1957 akawa Katibu Mkuu wa Zanzibar Nationalist Party, chama ambacho watu walikiita Hizbu. Ali Sultan Issa, mzaliwa wa Wete, Pemba, alifika London kwa njia ya ubaharia, akajiunga na Chama cha Kikomunisti cha Uingereza, na mwaka 1957 alikuwa Moscow katika tamasha la vijana wa dunia. Kazi yake moja kubwa baadaye ilikuwa kuwatafutia vijana wa Zanzibar nafasi za masomo katika nchi za kijamaa.

Serikali ya kikoloni haikuwa radhi kumpa kijana pasipoti ya kwenda Moscow au Peking. Kwa hiyo wengi walipitia Cairo, ambako Gamal Abdel Nasser aliwapokea wapigania uhuru wa Afrika na ambako redio ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1954. Adam Shafi mwenyewe ameisimulia safari ya aina hiyo katika Mbali na Nyumbani, kitabu cha maisha yake ya ujana kilichotoka mwaka 2013. Akisomwa baada ya kitabu hicho, Denge anayerudi kutoka Urusi anapata uzito mwingine. Msomaji anaelewa kwamba kurudi na shahada ya Urusi Unguja ya wakati ule kulikuwa ni sawa na kurudi na hati ya mashtaka mfukoni. Kazi serikalini hupati, na polisi wanakujua kabla hujashuka melini.

Mwenye kufanana na Denge kwa safari alikuwemo pia katika chama cha pili. Abdallah Kassim Hanga, mwanachama wa Afro-Shirazi Party, alisoma Moscow na kumwoa Lily Golden, mwanamke wa Kisovieti ambaye baba yake alikuwa Mmarekani mweusi aliyehamia Umoja wa Kisovieti kufanya kazi ya kilimo. Binti yao, Yelena Khanga, alikuja kuwa mwandishi wa habari mashuhuri nchini Urusi. Hanga alirudi nyumbani kuingia katika siasa, na Mapinduzi yalipofanikiwa alikuwa katika safu ya juu kabisa ya uongozi.

Kazi yenyewe ya makomredi ilikuwa kazi ya karatasi. Hili ndilo riwaya inalolionyesha vizuri kuliko maandishi ya kiofisi. Denge na wenzake wanahangaika na vitabu na magazeti yaliyopigwa marufuku, namna ya kuyapokea, namna ya kuyaficha, namna ya kuyafikisha kwa wasomaji. Katika Unguja halisi Babu alikuwa akichapisha Zanews, taarifa ya habari iliyotolewa kwa mashine ya kurudufia, na alikuwa pia mwakilishi wa shirika la habari la China. Maandiko ya Peking na Moscow yalisomwa barazani na kubishaniwa kwenye kahawa. Mtu asiyejua kusoma alisomewa. Nchi ilikuwa na watu takriban laki tatu tu katika sensa ya mwaka 1958, na katika mji mdogo kama ule karatasi moja iliweza kupita mikono mingi kwa siku moja.

Serikali iliziogopa karatasi hizo kwa dhati. Mwaka 1962 Babu alihukumiwa kifungo cha miezi 15 kwa uchochezi. Ndiyo maana Inspekta Wright na Koplo Matata hawapaswi kusomwa kama vitisho vya kunogesha hadithi. Matata, hasa, amechorwa kwa ukali na kwa haki. Ni mwananchi anayemtumikia mgeni kwa bidii kupita mgeni mwenyewe, na kila anapofukuzana na Denge anakuwa akifukuzana na jirani. Utawala wa kikoloni ulisimama juu ya watu wa namna yake: makarani, wapelelezi wa mtaani na askari waliokula kiapo kwa Sultani na kupokea amri kwa Kiingereza. Mwandishi anawajua sana watu hawa, na hilo linaonekana katika kila ukurasa wanapotokea.

Kisha kuna Yasmin, na hapa Adam Shafi anafika mahali ambapo wanahistoria wengi wamepita mbio.

Zanzibar ya Mwingereza ilimhesabu mtu kwa kabila lake. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1926, viti vya wasio watumishi wa serikali viligawiwa kwa Waarabu, Wahindi na Wazungu. Mwafrika wa kwanza aliingia mwaka 1946. Vita Kuu ya Pili ilipoleta mgawo wa chakula, watu waliandikishwa kwa makabila, na anayehesabiwa Mwarabu hakupewa alichopewa anayehesabiwa Mwafrika. Kila jumuiya ilikuwa na chama chake, na siasa za vyama zilipoanza ziliikuta njia hiyo imeshachimbwa.

Katika nchi ya namna hiyo, msichana wa Kihindi kuhamia Ng'ambo, kulala nyumba moja na Mwajuma, kwenda ngomani na kumpenda kijana Mswahili asiye na kazi, ni jambo la kisiasa hata kama mwenyewe hakukusudia siasa. Jamaa zake wanamtenga. Polisi wanamwona kuwa chombo cha kumnasia Denge. Yasmin anakataa kutumika, na kukataa huko kunamfanya awe mpiganaji zaidi ya wanaume kadhaa waliokuwa wakihutubia majukwaani. Makomredi walihubiri kwamba mgawanyiko wa kweli ni wa mwenye nacho na asiye nacho, kwamba Mmanga mchuuzi wa kahawa na Mmakonde mchimba shamba wana adui mmoja. Katika hotuba hoja hii ilikuwa nyepesi kuitamka. Vuta n'kuvute inaionyesha katika chumba kimoja cha Ng'ambo, kwa watu wanaogawana chakula na siri.

Ni haki pia kusema kwamba Yasmin na Mwajuma wanaibua upungufu wa harakati hiyo. Wanawake wanaficha, wanabeba ujumbe, wanasubiri, wanalea. Vikao vya siri ni vya wanaume. Ukiangalia majina yaliyobaki katika kumbukumbu za makomredi wa Unguja, ya wanawake ni machache mno, na hakuna sababu ya kuamini kwamba ni kwa kuwa wanawake hawakuwepo. Riwaya, kwa kumfanya Yasmin mhimili wa kisa na kumwacha Denge aingie na kutoka, inawarudishia nafasi ambayo kumbukumbu imewanyima.

Hata hivyo Denge hawezi kubeba historia yote, na msomaji anayempenda hana budi kuyatazama yale asiyoyabeba.

Kwanza ni mashamba. Denge ni mtu wa mjini. Lakini uchumi wa Zanzibar ulikuwa karafuu, na chini ya mikarafuu ya wenyewe waliishi wakulima waliolima mihogo na mpunga kwa ruhusa ya mwenye shamba. Baada ya uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957, siasa ziliingia humo. Wenye mashamba, wengi wao wafuasi wa Hizbu, waliwafukuza wakulima walioipigia kura Afro-Shirazi. Vita hivi vya mashambani viliacha chuki iliyoendelea kuchemka hadi Januari 1964. Ujamaa wa makomredi ulikuwa na jibu la maandishi kuhusu ardhi, ila haukuwa na mizizi ya kutosha kwa waliokuwa wakifukuzwa. Chama kilichowaahidi Waafrika ardhi yao kilisikika vizuri zaidi huko kuliko hoja ya matabaka.

Pili ni vyama. Wazanzibari wanakiita kipindi cha kuanzia 1957 hadi 1963 zama za siasa, na wanaokikumbuka hawakitaji kwa furaha. Watu waligomeana misikitini, dukani, mazikoni. Uchaguzi wa Juni 1961 ulileta ghasia zilizoua watu 68. Na makomredi walikuwa pande zote mbili. Babu, Ali Sultan na kundi lao walikuwa ndani ya Hizbu, chama kilichoungwa mkono na Waarabu wengi wenye mali na kilichojitangaza kuwa cha raia wa Sultani. Hanga na wenzake walikuwa Afro-Shirazi. Hata vyama vya wafanyakazi viligawanyika, shirikisho moja likielekea kwa Hizbu na jingine kwa Afro. Watu walioamini kitabu kimoja walipiga kampeni dhidi ya wenzao kwa miaka sita.

Denge hana mzigo huu. Anapigana na Mwingereza, na wanaomzunguka ni wa kila rangi. Hapo ndipo mhusika huyu anaposema mengi kuliko alivyokusudiwa, pengine. Anaonyesha harakati ya kijamaa ya Zanzibar kama ilivyotamani kuwa: mapambano mamoja, adui mmoja, watu wamoja. Kwa aliyeishi zama za siasa, kuandika hadithi ya ukombozi ambamo mpaka wa Hizbu na Afro haumtenganishi mtu na mwenzake ni uamuzi mzito. Kitabu kilitoka mwaka 1999. Miaka minne kabla yake, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi, wa Oktoba 1995, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi dhidi ya Seif Sharif Hamad wa CUF kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, na majina ya Hizbu na Afro yakarudi midomoni mwa watu kama matusi. Riwaya iliingia katika Zanzibar hiyo iliyokuwa imegawanyika nusu kwa nusu, ikiwakumbusha wasomaji kwamba kulikuwa na vijana waliotafuta njia nyingine.

Historia iliyofuata baada ya ukurasa wa mwisho wa Denge ilikwenda kasi. Katikati ya mwaka 1963 Babu alijitoa Hizbu pamoja na vijana wengi wa mrengo wa kushoto na kuunda Umma Party, chama kilichopokea watu bila kujali asili yao. Uchaguzi wa Julai mwaka huo uliipa Afro-Shirazi zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ukakabidhiwa kwa serikali ya muungano wa Hizbu na chama cha ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) chini ya Sultani. Serikali hiyo haikuchelewa kuipiga Umma marufuku. Mwanzoni mwa Januari 1964 Babu alikimbilia Dar es Salaam.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni vikavamiwa. Hayakuwa mapinduzi ya Umma. Waliovamia wengi walikuwa wafuasi wa Afro-Shirazi, John Okello kutoka Uganda akiwa sauti yao redioni. Lakini vijana wa Umma, baadhi yao wakiwa wamepata mafunzo ya kijeshi Cuba, walijiunga mara moja, na wanahistoria wanaendelea kubishana juu ya uzito wa mchango wao. Katika siku hizo watu wengi waliuawa, wengi wao Waarabu, wakiwemo maskini ambao makomredi walikuwa wakiwataja kuwa ndugu wa tabaka moja na Waafrika. Mrengo wa kushoto wa Zanzibar ulifika madarakani juu ya damu ya rangi. Hakuna mwenye kuipenda harakati hiyo anayeruhusiwa kulipita jambo hili kimya.

Babu akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar. Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 22 aliyetoka katika kundi hilohilo, akapelekwa Cairo kuwa balozi. Ali Sultan Issa baadaye akashika wizara ya elimu. Ujerumani Mashariki ikatambuliwa, na wajenzi wake wakaja kusimamisha majengo ya ghorofa Kikwajuni na Kilimani. Kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya angani kikaamriwa kuondoka. Ardhi ikataifishwa mwezi Machi, na katika miaka iliyofuata familia za wakulima zikagawiwa eka tatu tatu. Magharibi walianza kuiita Zanzibar Cuba ya Afrika, na hofu hiyo ni sehemu ya mazingira yaliyouzaa Muungano na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964.

Umma ilikuwa imeshaingizwa ndani ya Afro-Shirazi. Babu na wengine walihamishiwa serikali ya Muungano, mbali na visiwa. Hanga alikamatwa, akaachiwa, akakamatwa tena. Mwaka 1969 alirudishwa Zanzibar kutoka bara pamoja na Othman Shariff, na hawakuonekana tena. Karume alipopigwa risasi Kisiwandui Aprili 1972, msako wa makomredi ukawa wa wazi. Babu aliwekwa kizuizini bara na kuhukumiwa kifo na mahakama ya Zanzibar bila yeye kuwepo mahakamani. Serikali ya Muungano haikumkabidhi. Alitoka gerezani Aprili 1978, akaishi ughaibuni, na kitabu chake juu ya ujamaa wa Afrika, alichoanza kukiandika akiwa kifungoni, kikachapishwa London mwaka 1981. Alifariki huko Agosti 1996, akarudishwa kuzikwa Zanzibar. Ali Sultan Issa, aliyepitia jela na hukumu nzito, alimaliza maisha yake ya kazi katika biashara ya hoteli za watalii.

Adam Shafi aliyaandika hayo katika Haini, iliyotoka mwaka 2003. Mhusika wake, Hamza, anatiwa ndani baada ya kuuawa kwa mtawala anayeitwa Kigogo, na anapitia mateso yanayofahamika na kila aliyesikia habari za Kwa Bamkwe, gereza ambalo jina lake liliogopwa kulitamka Unguja. Kuli, Vuta n'kuvute na Haini zikisomwa pamoja, msomaji anapata watu watatu. Rashidi anafungwa na mkoloni kwa kugoma. Denge anawindwa na mkoloni kwa kusoma na kusomesha. Hamza anafungwa na serikali iliyotangaza kwamba inatekeleza ndoto za wawili wa kwanza.

Mwandishi alisubiri zaidi ya miaka 20 kati ya Kuli na Haini. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, ya mwaka 1978, Mapinduzi yanakuja kama mapambazuko, na mtumwa wa kasri anapata utu wake. Hakuna sababu ya kuidharau furaha hiyo. Kwa mtu wa shamba aliyepata eka tatu na mtoto wake akaenda shule bure, ilikuwa ya kweli. Ila mtu aliyeandika Kasri alikuwa ameshaonja kizuizi, na ilichukua muda hadi nchi ikaweza kuvumilia kisikike kisa cha upande huo. Denge yuko katikati ya vitabu hivyo, amesimama kabla ya Januari 1964, mahali ambapo matumaini hayajajaribiwa.

Mwaka 2021 Denge alivuka kutoka kwenye karatasi. Amil Shivji aliitengenezea riwaya filamu, Gudrun Columbus Mwanyika akiwa Denge na Ikhlas Gafur Vora akiwa Yasmin, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar baada ya miaka zaidi ya 20 bila kupeleka filamu yoyote. Mwongozaji huyo ni mtoto wa Profesa Issa Shivji, aliyeandika juu ya mapambano ya kitabaka Tanzania katika miaka ya 1970 na ambaye maandishi yake yalisomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa Mlimani. Si bahati nasibu kwamba aliyemchukua Denge ni kijana aliyekulia katika nyumba ambamo mjadala wa ujamaa haukukatika.

Walimu wa Kiswahili wana nafasi ambayo wenzao wa historia hawana, kwa sababu Denge yuko mikononi mwa wanafunzi wao tayari. Anapofundishwa, itajwe na Zanews. Atajwe Abbas Othman wa mwaka 1948, na Babu, na Hanga ambaye kaburi lake halijulikani. Wanafunzi wa Unguja na Pemba watumwe kwa babu na bibi zao waulize makomredi walikuwa kina nani na walitaka nini, na majibu yaandikwe, yawe ya kuwasifu au ya kuwalaani. Waliokuwa vijana mwaka 1963 sasa wamepita miaka 80. Kazi hii haiwezi kungoja.